Barafu Upenuni na Haya za Mkwe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya baridi ambayo kila nikiikumbuka hucheka, halafu humshukuru Mungu. Nilikuwa kijana mwenye haya nyingi, ndio kwanza nimepata mtoto wangu wa kwanza. Tulipanga chumba cha darini katika nyumba kuukuu ya Mzee Kombo, Mpemba wa Takoma Park, huko Marekani, aliyekuwa fundi wa mapaa. Mama mkwe alikuja kutoka Zanzibar kumlea mzazi, na kama ilivyo desturi yetu, chumba kilitakiwa kiwe na joto mpaka arubaini iishe. Akawasha hita mbili, akaziba madirisha kwa kanga.

Theluji ikaanguka. Joto la chumba likapanda hadi kwenye paa, theluji ikayeyuka kwa chini, maji yakateremka mpaka upenuni kusiko na joto, yakaganda tena. Kwetu sisi maji ya paa huteremka tu, basi. Huku barafu hujenga ukingo, na maji yakikosa njia hurudi juu, yakapita chini ya vigae na kuingia ndani. Na kitanda cha mke wangu na kichanga kilikuwa chini ya upenu huo huo.

Dawa ilikuwa kupunguza hita. Lakini nimwambie vipi mama mkwe, mtu ambaye hata kumtazama usoni sikuthubutu? Nikaona afadhali shoka. Nikaegemeza ngazi, nikapanda kwenda kuipasua barafu.

"We! Shuka!" Mzee Kombo alipiga kelele kutoka mlangoni, koti juu ya kikoi. "Utanitobolea paa!"

"Maji yatamfikia mtoto, mzee."

"Na joto lote hilo linatoka wapi?"

Nikashuka, jicho kwenye dirisha lililozibwa kwa kanga. Akanielewa, akacheka mpaka akakohoa. "Yaani unamwogopa mama mkwe kuliko kuvunjika shingo?"

Tukaingia na tochi kwenye kistoo kilicho nyuma ya kitanda, akapapasa mbao za paa moja moja. Zilikuwa kavu. Akanieleza kwamba kabla ya kupiga vigae alibandika juu ya mbao utando mzito wa lami unaonata, kuanzia ukingoni mwa paa hadi kupita ukuta, nao hubana hata pembeni mwa misumari. Maji yalipenya vigae, yakaishia hapo.

"Utando umekukinga," akasema, "lakini sikuuweka ili wewe unyamaze. Nenda kaseme."

Nikasimama mlangoni nimeinamisha kichwa, nikasema. Mama mkwe akajipepea kwa upindo wa kanga. "Baba, mbona hukusema? Mie mwenyewe naiva! Nilihofu utasema nimemwacha mkeo na baridi."

Kitandani mke wangu akaitikia, "Alhamdulillahi! Zimeni zote mbili!"

Basi mwanangu, ukiezeka katika nchi ya barafu, tandika utando kabla ya vigae, maana baadaye huuweki bila kubomoa. Usipande paa lililoganda, wala usilipige shoka. Na jambo likimgusa mtoto, liseme siku hiyo hiyo, kwa adabu, hata kama sauti inatetemeka. Mkwe havunjiwi heshima kwa neno la upole. Pengine naye analingoja.

Mungu akujaalie nyumba kavu, wakwe wacheshi, na watoto wanaolala bila kushtuka. Amina.