Mishono Mitano Ubavuni

Wifi yangu hakuwahi kuvaa nguo ikampwaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililotuponza sote. Yeye ni dada wa mume wangu, fundi wa magauni. Mimi nashona suruali, na cherehani zetu zimetazamana miaka kumi na moja katika chumba chenye dirisha moja na maneno mengi, mengi yakiwa yangu.

Kiungulia chake kilianza kama mzaha. Akiinama kukata kitambaa sakafuni, maji machachu yanampanda mpaka kooni, anainuka ghafla mkono kifuani.

"Wifi, usiniambie una mimba na uzee huo!"

"Mimba ya mdomo wako," alijibu, akatafuna kidonge cha dukani, kazi ikaendelea.

Kidonge kimoja kikawa viwili, kisha pakiti. Akahamia kukatia mezani ili asiiname. Chai akaiacha, ndimu akaiacha, chakula cha jioni akakiacha. Mume wake alinidokeza kwamba siku hizi analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na kwamba yeye mwenyewe amehamia chumba cha watoto kwa sababu mkewe anakohoa usiku kucha. Sauti ya wifi iliyokuwa ikishindana na redio ikakauka. Tukazoea. Wa kwanza kuacha kumuuliza hali nilikuwa mimi.

Kilichonitia hofu ni mkate. Mchana mmoja alimeza kipande kidogo tu, akatulia, macho yamemtoka, akisubiri kishuke. Hakikushuka. Akanywa maji, nayo yakarudi.

"Twende hospitali," nikasema.

"Kiungulia tu hiki. Ningekuwa nimekonda, sawa. Umeniona nimekonda?"

Nikamtazama juu mpaka chini. Gauni lake la kazi, lile la buluu, lilimkaa vilevile, kiunoni barabara, mabegani barabara. Nikarudi kwenye suruali zangu. Fundi mzima, nikadanganywa na gauni!

Wiki iliyofuata msumari wa meza ulilinasa gauni hilo likachanika ubavuni. Akajizungushia kipande cha kitambaa, akanirushia nilishone, maana siku hiyo hakuwa na nguvu za kukanyaga cherehani. Nikaligeuza ndani nje.

Nje kabisa, karibu na ukingo, palikuwa na mstari wa matundu, mshono wa zamani uliofumuliwa. Ndani yake kidogo, mstari mwingine. Halafu mwingine, na mwingine. Wa tano ndio uliokuwa na uzi. Yote imenyooka, kazi ya mkono wake, ninaijua popote. Kila alipopungua alilibana gauni, akarudi kazini kesho yake tukamwona ni yuleyule. Na kitambaa kilichozidi hakukikata. Nilikaa nalo mapajani, nikiihesabu upya ile mishono.

Safari hii sikumwomba. Nililitia gauni kwenye mfuko, nikamshika mkono, tukaenda.

Daktari alikuwa kijana, mpole. "Mama, umepungua uzito?"

"Hata kidogo. Nguo zangu zote zinanikaa."

Nikatoa gauni kwenye mfuko, nikaliweka mezani limegeuzwa. Daktari hajui cherehani, ikabidi nimwoneshe kwa kidole, mshono mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa tano aliweka kalamu chini.

"Ulilibana lini mara ya kwanza?"

Wifi alinitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu. "Mwaka jana," akasema kwa ile sauti yake kavu.

"Na chakula kukwama?"

"Tangu mshono wa tatu."

Daktari aliinuka akaenda mlangoni kumwita mwenzake. Akasema hawatangoja kesho, watampitisha leo hii mpira wenye kamera kooni. Hakutabasamu tena.

Tulibaki wawili. Wifi alilivuta gauni kwake, akapapasa ule ukingo mpana ubavuni, kile kitambaa alichokiacha ili siku akinenepa alifumue.

"Ukilishona," aliniambia, "usikate hiki kilichozidi. Nitakihitaji."

Nikamwambia sitakata. Mkasi ulikuwa ndani ya mkoba wangu, na niliogopa hata kuusogelea.