Winifrida na Chai ya Kriketi

Wengi wanaopita kando ya uwanja ule mdogo wa kriketi kule Harrow, London, hawajui kwamba kibanda cha mbao kilichopo pembeni kina jiko, wala kwamba jiko lile lina mwenyewe. Mwenyewe ni Winifrida Shemhilu, Mbondei wa Muheza, mfupi, mpana wa mabega, mwenye shingo isiyoinama ila mbele ya Mungu na mbele ya sufuria.

Kriketi hakufundishwa na Waingereza. Alizaliwa kambi ya mkonge, na Jumapili makarani wa Kihindi walikuwa wakicheza kwenye kiwanja cha nyasi kavu, wamevaa nyeupe tupu kama wanakwaya. Mama yake aliwapelekea chai kwa birika kubwa la bati, na Winifrida, mtoto wa darasa la tatu, akabeba vikombe. Hapo aliutambua mchezo ule. Ni mchezo wa kungoja, na mtu anayengoja lazima ale. Alipomaliza darasa la saba hakukuwa na la nane. Hakulia. Alishika mwiko.

London alikuja kumtunza mama yake Hemal, bibi wa Kigujarati mzaliwa wa Tanga, aliyezeeka akasahau Kiingereza chote na kubaki na Kigujarati na Kiswahili. Wenzake walikuja kubeba maboksi, yeye akaja kubeba bibi. Alimwogesha, alimlisha, alimwitikia hata alipokuwa akiwaita watu waliokufa zamani, mpaka siku bibi alipofumba macho. Matanga yalipokwisha, Hemal, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, alimpa ufunguo wa jiko la uwanjani.

"Mama Daisy," alimwambia, "wewe iko na mkono ya mama yangu. Chai ya Jumamosi sasa yako."

Daisy ni binti yake Winifrida, nesi, anakaa Stratford. Mama akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza, nao huelewana hivyo hivyo.

Basi kila Jumamosi ya kiangazi Winifrida husukuma kitoroli chake chenye sufuria mbili, moja ya nyama na moja ya mboga, kwa sababu nusu ya klabu hawali nyama. Desturi ya kriketi ni kwamba mwenyeji humlisha mgeni katikati ya mchezo. Wao huita chai, hata kama kilichoandaliwa ni karamu. Winifrida naye aliongeza desturi yake. Wale wawili watakaotangulia kupiga baada ya chai hawali, maana matumbo yao yamejaa hofu. Wengine walikuwa wakiwasahau. Yeye huwafunikia sahani zao, akaziweka juu ya jiko zipate joto, kwa kuwa anajua mmoja wao atatolewa mchezoni na kurudi mapema, tena bila furaha.

Msimu huu mambo yalibadilika. Vijana wa klabu walianza kula wakiwa kwenye magari yao, mkono mmoja baga, mkono mwingine simu. Pilau ikawa inarudi nyumbani. Kamati ikakaa, na Hemal akaja jikoni akiwa anaangalia sakafu.

"Wageni kutoka Sierra Leone ndiyo chai ya mwisho," alisema. "Baada ya hapo kila mtu ataleta chakula yake. Jioni utanipa ufunguo."

"Sawa," alisema Winifrida.

"Hutaki kusema kitu?"

"Nimesema sawa. Ulitaka nikuimbie?"

Lakini usiku ule hakulala vizuri. Asiyejua angesema ni jiko tu, bomba linavuja na dirisha halifungi. Ila huyu alikuwa mwanamke aliyefanya kazi kwenye nyumba za watu wengine maisha yake yote, na mahali pekee hapa London ambapo watu hubisha hodi kwake ni pale. Jiko likifungwa, Jumamosi zake zingekuwa za kumtazama jirani akitoa taka. Kuomba hakutaka. Aliazimia kupika.

Timu ya taifa ya Sierra Leone ilikuwa inapita London, ikatafuta mchezo wa kujipima nguvu, na Hemal, kwa maneno yake matamu, akaipata. Walishuka kwenye basi wakiwa wamevaa makoti ya kijani, vijana warefu, wapole, kila mmoja akapita dirishani pa jiko kusema "Good morning, Mama." Winifrida akawahesabia hilo.

Mwamuzi alikuwa Norbert, Mnyamwezi wa Tabora, dereva wa basi mstaafu. Mnyamwezi na Mbondei ni watani tangu enzi za mkonge, na hao wawili hawajapata kusalimiana kistaarabu.

"Mtani, nasikia leo tunazika jiko," Norbert alisema, amevaa koti lake jeupe la uamuzi.

"Utazika wewe. Babu zako walikuja kwetu kukata mkonge, jembe la kaburi mnalijua."

"Tulikuja kuwafundisha kazi. Tulikuta mmekaa mnakuna nazi."

"Nenda kasimame jua likuchome. Ndiyo kazi uliyosomea."

Norbert alicheka, lakini hakuondoka mara moja. "Mtani akifiwa," alisema, "maiti haiendi kaburini mpaka mimi niseme. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mnakaa njiani mnazuia jeneza mpaka mpewe kitu."

"Ee," alisema Norbert, akaenda zake uwanjani.

Wenyeji walitangulia kupiga. Winifrida alikuwa amepanga mchele utumbukie sufuriani wenyeji wakikaribia kumaliza zamu yao. Ila mvua ya Uingereza haimuulizi mpishi. Ilikuja ghafla, wachezaji wakakimbia, na kwa sheria ya kriketi mvua ikinyesha karibu na chai, chai huletwa mbele. Timu zote mbili zikajaa kibandani zikiwa zimelowa, na mchele ndiyo kwanza umeanza kunywa mchuzi.

Hemal alichungulia jikoni. "Mama Daisy, chakula iko?"

"Kinakuja."

"Watu wanangoja."

"Kriketi ni nini kama si kungoja?"

Huko nje ya jiko vijana wa klabu walianza kutafuta funguo za magari yao. Ila wageni hawakuwa na magari. Walikaa. Harufu ya iliki na karafuu ikapenya chini ya mlango, na mmoja wao, kijana aliyeitwa Sorie, akanyanyua pua akasema kitu kwa lugha yao, wenzake wakacheka. Kijana mmoja wa klabu akauliza amesema nini. Sorie akamwambia kwa Kiingereza kwamba kwao mtu akiondoka chakula kikiwa motoni, mpishi hulichukulia kuwa tusi, na mwaka mzima hampikii. Yule kijana akarudisha ufunguo mfukoni, taratibu, kama aliyekuwa akikuna paja.

Pilau ilipoiva, sahani za kuwapakulia wageni na wenyeji hazikuwepo. Kamati ilikuwa imekwisha kuzifunga kwenye maboksi. Zilibaki chache tu za kabatini. Winifrida hakuuliza. Alichukua masinia makubwa ya vikombe, akayaosha, akapakua kila sinia mlima wa wali, kuku pembeni, kachumbari juu, na masinia mawili yakawa ya mboga tupu. "Watano watano," alisema, na watu wazima wakajikuta wamepiga magoti sakafuni, mgeni na mwenyeji wakichanganyika, wakinawa kwa jagi moja. Wageni hawakuhitaji kuelekezwa, kwao pia hula sahani moja. Wenyeji walitazama, kisha wakaiga.

Hawajafika katikati ya mlima, jua likatoka.

Nahodha wa klabu alisimama akifuta mikono. "Mvua imekatika. Twende," alisema kwa Kiingereza. Wengine wakaanza kunyanyuka. Winifrida alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, akaona masinia yamejaa bado, akajua kwamba hii ndiyo picha ambayo kamati itaikumbuka: chakula kimebaki.

Norbert akasimama, kipaja cha kuku mkononi. "Mwamuzi ni nani?" aliuliza. "Ngojeni niangalie uwanja."

Akatoka. Wote wakamwona kupitia dirishani. Alitembea mpaka katikati, akakanyaga nyasi kwa kisigino, akang'ata kuku. Akaenda upande wa pili, akainama, akabonyeza ardhi kwa kidole, akang'ata tena. Maji yalikuwepo kweli, yaliruka kwenye viatu vyake. Akarudi kama anayefuata jeneza.

"Bado," alisema. "Kaeni."

Alipopita jikoni alinong'ona, "Mtani, paja la pili. Mimi sizuii maiti bure."

Winifrida akampa mawili.

Walikula mpaka masinia yakaonyesha maua yake. Mchezo uliporudi, zamu ya wenyeji ilihesabiwa imekwisha, wageni wakawa wa kupiga na wenyeji wa kudaka, na wenyeji wenyewe walikuwa wazito kama ng'ombe waliotoka mtoni. Mpira ukiruka wanautazama unavyopita. Hemal alishika kichwa.

Lakini Sorie, aliyetangulia kupiga na hakugusa sinia, alidakwa mapema kabisa, labda na kijana pekee aliyekula kidogo. Alivua kofia yake ya chuma, akapita wenzake, akaja mpaka mlango wa jiko, akasimama.

Winifrida hakumwambia pole. Alitoa sahani iliyofunikwa, akaiweka mezani, akamvutia kiti. Sorie alifunua, mvuke ukampiga usoni. Akala. Baada ya tonge kadhaa akauliza, "How did you know, Mama?"

"Everybody come back," alimjibu Winifrida. "Some come back early."

Jioni wageni walikuwa wameshinda, basi lao linawangoja, na Sorie alikuwa bado anakwangua sahani Hemal alipoingia. Winifrida alikwisha kufuta meza na kutundika aproni.

"Ufunguo uko juu ya friji," alisema. "Sahani yako iko pale, ya mboga. Hukula mchana, nilikuona."

Hemal alitazama ufunguo, akatazama sahani. Akaketi mkabala na Sorie, akala kwa mkono, polepole, kama alivyokuwa akila mama yake. Nje vijana wa klabu walikuwa wanawasindikiza wageni kwenye basi, hakuna aliyewasha gari.

Hemal alinawa. Aliufikia mlango mikono mitupu.

"Jumamosi iko timu ya Hounslow," alisema bila kugeuka. "Hawa pia watu ya mboga."

"Basi niletee mbaazi," alisema Winifrida, "na mwambie fundi aje aangalie bomba. Na masahani yangu yatoke kwenye maboksi leo hii, si kesho."