Uji wa Mtu Mmoja

Nilikuwa nikimeza dawa za virusi vya UKIMWI kila siku bila kukosa, na bado nguo zilikuwa zinaniteleza mabegani. Mhudumu wa lishe kliniki aliniuliza nilikula nini jana. Chai ya rangi na mkate, nikamjibu.

"Dawa inazuia virusi, lakini mwili unajengwa na chakula," akasema. Akanipa pakiti za unga wa uji wenye virutubisho. "Huu ni wako peke yako. Usigawe."

Mume wangu alijua hali yangu. Mama yake hakujua, na wiki hiyo alikuja kwetu Tassia kutoka Murang'a kutibiwa macho. Nilificha pakiti zote ndani ya sanduku, isipokuwa moja niliyoisahau nyuma ya sufuria.

Asubuhi nilipanda ngazi na mtungi wa maji nikamkuta mama mkwe akikoroga uji. Mkononi alikuwa na ile pakiti, ameisogeza karibu na uso.

"Unga huu umeutoa wapi?"

"Sokoni, mama."

"Imeandikwa hauuzwi."

Mtungi ulikuwa bado mkononi mwangu. Sikuuweka chini. Niliwaza nitakavyoambiwa nifungashe vitu vyangu.

Alimimina uji katika kikombe kimoja tu, kile kikubwa, akanisukumia.

"Ndugu yangu alikuwa anapewa unga huu," alisema. "Tuliupika tukaunywa sisi sote, na watoto. Yeye alipata kikombe kimoja, pengine nusu. Alikuwa anasema ameshiba. Tulimzika akiwa mwepesi kama mtoto. Kunywa."

Nikatua mtungi nikanywa, uji ukanichoma ulimi. Hakuniondolea macho.

"Na mwanangu?"

"Hana. Anapimwa kila mara."

"Anajua?"

"Anajua, mama."

Akachukua simu, akampigia mume wangu kazini Gikomba, kwenye karakana ya mbao. Niliketi kitandani.

"Wewe," alimwambia, bila hata salamu. "Mke wako anaishi kwa chai ya rangi na wewe unamtazama tu? Jioni uje na trei ya mayai. Na omena, na ndengu. Hapana, si zangu mimi. Umenisikia?"

Akakata simu. Hakunikumbatia wala kunifariji. Alijitengenezea chai, akaketi mlangoni akainywa, na baada ya kitambo akaniuliza, bila kugeuka, kama kikombe kimekwisha.