Bawa la pili la kuku wa mama mkwe

Jamani, mkasi bado ninao mkononi.

Mama mkwe kabla hajashuka kwenda Korogwe asubuhi aliniachia kazi moja: nimpunguze mtetea wake manyoya ya bawa, maana anaruka ua kwenda kufukua maharage ya jirani. Jirani kaapa akimkuta tena anamchinja.

"Hesabu kumi kuanzia nchani. Ukifika kwenye unyoya mfupi, simama. Bawa moja tu."

Nikahesabu kumi, na ule mfupi nikauona.

Ila kwa woga wangu asije akaruka tena, nikakata na bawa la pili.

Kumbe kuku akikatwa upande mmoja ndipo anapepesuka, akashindwa kuruka. Huyu wangu kapaa amenyooka, katua katikati ya maharage.

Mlango wa jirani unafunguka, na simu inaita. Mama mkwe.

"Umekata?"

"Nimekata, mama."

Sijamwambia ni mabawa mangapi.