Homa ya Kusingizia

Siku aliyozikwa rafiki yangu Magreti naikumbuka kuliko waliokuwepo, mwanangu, maana mimi nilikuwa nyumbani, nimefunga mlango kwa ndani, nasikiliza nyimbo za kwaya zikitoka kwao. Si mbali, ni ng'ambo ya shamba la alizeti tu. Utasema makosa ya namna hii hufanywa ujanani. Mimi langu nililifanya nikiwa na wajukuu.

Ngoja nikueleze. Nilikuwa nimewekewa nyonga ya bandia hospitalini, na kwa muda nilitembea vizuri, hata mnadani nilienda. Kisha homa ikaanza, kovu likavimba, likafunguka na kutoa usaha. Madaktari walisema vijidudu vimeshika kwenye chuma chenyewe, na kisipotolewa vitaniua. Wakakitoa. Nililala wodini wiki nyingi nikichomwa dawa za kwenye mshipa, na mwisho wakaniambia mfupa uliobaki hauwezi kushika nyonga nyingine. Nikarudi kwetu Mungaa na magongo na mguu mmoja mfupi.

Magreti ndiye aliyenipokea. Aliniogesha, alifua vitambaa vya kidonda bila kukunja uso, na kwa kuwa kuchuchumaa siwezi tena, alikata tundu kwenye kiti cha plastiki nikitumie chooni. Akakiita kiti cha mbunge. Tulicheka mpaka kidonda kikauma. Mbele yake sikuona haya hata kidogo, lakini mbele ya watu wengine nilikuwa kama mwari, natoka nje pale tu ninapojua njia haina mtu.

Kisha presha ikamwangusha Magreti ghafla, akafariki kabla hawajamfikisha hospitali.

Misiba yetu unaijua. Wanaume hukaa nje kwenye viti na mabenchi, wanawake tunakaa chini kwenye mikeka, tumebanana, miguu tumeinyoosha. Mimi nikishuka chini siinuki mpaka watu waninyanyue, na kanga ikifunguka hapo ni aibu juu ya aibu. Nikajiona nimewekwa kwenye kiti peke yangu, juu ya vichwa vya wenzangu, mguu mmoja unaning'inia haufiki chini. Nikashindwa. Nikamtuma jirani akawaambie nina homa.

Homa, mwanangu. Katika maneno yote nilichagua hilo.

Magreti akazikwa, mimi nikiwa kitandani na uzima wangu. Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage nilipomwona mama yake, Bibi Elina, aliyeniuguza pamoja naye, anakuja peke yake na fimbo. Mfiwa kwetu haondoki msibani, watu ndio humfuata. Yeye aliondoka. Nikamwamkia shikamoo. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha shingoni, anaitafuta ile homa.

"Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu asikuchukue na wewe," alisema. "Nilijua usaha umerudi."

Heri angenitukana. Nilimwambia ukweli, kwamba sina homa, kwamba niliona aibu kukaa kwenye kiti mbele za watu. Nilipokuwa nasema, nilijisikia vibaya kiasi cha kutamani homa yenyewe inishike pale pale. Aliyasogeza maharage yangu kando.

"Mimi sikutaka uje ukae," alisema. "Nilitaka uje tulie. Wote wanamlia Magreti, lakini wewe ndiye uliyekuwa unacheka naye."

Tuliondoka pamoja, yeye na fimbo, mimi na magongo, polepole, watu wakitupisha njiani. Tulipofika aliagiza kiti kiwekwe katikati ya mikeka. Nikakaa nimeinamisha uso, najua wote wananitazama, na wote walishaambiwa habari za homa yangu. Hakuna aliyeniuliza. Bibi Elina akaketi chini, akaegemeza mgongo wake kwenye mguu wangu ule mfupi, na hapo ndipo alipoanza kulia. Mguu uliniuma, lakini sikuthubutu kuusogeza.

Kwa hiyo, mwanangu, ugonjwa ukikuacha unachechemea, au ukikutoa kitu mwilini kisirudi tena, usifanye kama mimi. Omba kiti. Omba kushikwa mkono. Watu watakutazama siku ya kwanza, baada ya hapo watarudi kwenye mambo yao, wana mengi. Na usisingizie ugonjwa kwa watu waliokuuguza, kwa sababu wao walishaogopa kifo chako mara moja, na ukiwaambia wataogopa tena kwa dhati. Aibu ya mguu wangu imeshaisha, siku hizi hata kanisani natangulia. Aibu ya ile homa bado ninayo. Kaburi la Magreti nimelitembelea mara nyingi, na kila nikifika najua nimechelewa.

Mungu akupe afya, mwanangu, akulindie viungo vyako vyote. Na kama siku moja atakupunguzia, asikunyime mtu wa kukuegemea.