Kitunga Yangu ya Kupunguza Makala

Admin, ficha jina yangu, juu hapa Butembo hata kuku banayijua. Niko baba wa miaka makumi tano na mbili, na bibi, na batoto saba. Tangu vita ifukuze dada yangu kule Beni, na yeye iko kwangu na batoto bake. Masomo nilifika ya tano primaire. Ile ya sita niliona balimu banaanza kuniuliza mimi, nikatoka.

Makala, mukaa ya kupikia, imepanda sana, juu bale benye kuichoma mu pori ya Beni bamekimbia, na bengine habatarudia tena. Lakini mimi siyo mutu wa kulia. Kwangu taa ni moja, na maji ya kulipa tuliiaga, mabati yangu inajaza bidon zote mvua ikinyesha. Kisha nikatengeneza kitunga, ilitoka mu kichwa yangu mwenyewe. Ndani majani kavu ya migomba na bulangeti ya zamani. Sufuria inachemka kidogo tu ku mbabula, jiko ya makala, unaifunika mule, chakula inajiivisha yenyewe. Viazi za Kipese ziliiva siku ya kwanza, nikaona na macho. Nikasema, maharagi pia.

Na iliiva, kila mangaribi, laini kama siagi. Nilijisifu ku soko, ku kanisa. Mutu wa Alimbongo nilimuambia maharagi yangu inaendelea kuiva hata ku sahani. Pasta akasikia, akatangaza kwamba Jumapili hii, dimanche, mimi njo nitafundisha kitunga bamama bakimbizi, bale benye kupimiwa makala ya kasahani kamoja.

Juzi ilikuwa ville morte, siku ya mugomo, soko imefungwa, nikarudia saa sita. Kwetu baba haingiaka mu jikoni, kufunua sufuria ya bibi ni haya. Basi nikaenda kwa mama jirani kuomba kiberiti. Nakuta sufuria yangu ku moto yake, ile nilifunga mukono na nyaya mimi mwenyewe.

Hata hakushtuka. "Karibu, Papa. Maharagi yako bado kidogo."

"Yangu? Hapa?"

"Si kila siku?" Akaniangalia, akaanza kupangusa mikono. "Aa. Nilizania bamekuambia."

Nilifika nyumbani, nikabauliza. Dada yangu, mutu ninayemulisha, akacheka: "Kaka, siku ya kwanza maharagi yako tulitafuna kama mawe. Wewe ulikuwa Kasindi."

Bibi yeye hakucheka. "Kitunga inachunga moto, Papa batoto. Maharagi kavu inaomba moto yenyewe, kwa hii baridi yetu."

"Na makala ya kule kwa jirani?"

"Nauza mboga yangu ya poireaux, nanunua."

Kumbe sikupunguza kitu. Avenue nzima ilijua, mimi peke njo nilikuwa naongea.

"Bengine babwana bao banakunywa," akasema. "Wewe unatengeneza kitunga. Nani angekuvunja moyo? Na usiogope dimanche. Tutaivisha maharagi nyumbani kwanza, tuiweke mule. Utafunua, batapiga mikono."

Hiyo njo iliniumiza kupita yote. Sikukula.

Nikikubali, bale bamama batamaliza kale kasahani kao ka makala bure, batoto balale na maharagi mbichi. Nikisema ukweli, nachekwa mpaka kaburi, na bibi anaitwa muongo mbele ya kanisa. Pasta amekwisha kubaambia balete sufuria. Bandugu, nyinyi musionijua, mungekuwa mimi dimanche mungesimama kusema nini?