Akina Rebeka Saba wa Kakuma

Nyumbani Kalemng'orok mmeniuliza mara mbili kwa simu kwa nini nilijiunga na kwaya ya shule, mimi ambaye hata kanisani huchezesha midomo tu. Sasa nitasema ukweli. Kwaya ilialikwa Kakuma kwenye tamasha la vijana, tamasha la bure, na basi la shule lingetupeleka kutoka Lodwar. Rebeka yuko Kakuma.

Rebeka ni yule msichana mrefu wa Sudan Kusini niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mwalimu akiuliza swali, hata kama najua jibu, mimi siinui mkono. Rebeka ndiye aliyekuwa akisema, "Madam, Nakiru anajua." Muhula uliopita shangazi yake alikuja kumchukua wakati wa kufua. Wasichana walikuwa wanamcheka shangazi kwa Kiswahili chake. Rebeka alinitazama kutoka getini. Nami, kwa kuogopa nichekwe pia, nikainamia soksi zangu kana kwamba zina uchafu wa mwaka mzima. Sikumpungia hata mkono.

Hakurudi tena. Kila aliyetaka kukaa mahali pake nilimwambia kuna mtu. Halafu wiki jana Madam akasema, "Jumatatu tunapokea mgeni. Atakaa hapo, isipokuwa Rebeka awe amerudi." Ndipo nikajua lazima nimwone. Kibati chake cha jiometri, alichokisahau ndani ya dawati, nikakitia mfukoni.

Lodwar, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tulipanda basi kwa sare zilizopigwa pasi, na vumbi likatuwahi kabla ya kutoka mjini. Asekon, anayeongoza kwaya, akageuka kitini. "Nakiru, leo utaimba ama utafungua mdomo tu kama samaki wa ziwani?" Basi zima likacheka. Nikaangalia nje.

Njiani ni lami, miiba na vichuguu virefu kuliko watu. Mchungaji mmoja wa mbuzi alisimama kwa mguu mmoja, kigoda chake mkononi, akatutazama mpaka tukapita. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Rebeka. Niliyapanga vizuri hadi laga ya tatu, mto mkavu unaokatiza barabara, basi likaruka, yakapotea yote.

Kakuma, saa tatu asubuhi. Uwanja ulikuwa umeshajaa vijana wa mjini na wa kambi ya wakimbizi. Hakuna kiingilio, hakuna kupigwa muhuri mkononi, unaingia tu kama kwenu. Huku ngoma za Sudan Kusini, kule gitaa la Wakongo, katikati vijana wetu Waturkana wanarukaruka wakicheza edonga mpaka ardhi inaitikia. Zamu yetu ilipofika nilichezesha midomo na kutafuta kwa macho. Kakuma ina wasichana warefu wengi kuliko nilivyofikiri.

Saa saba mchana nilikuwa sijamwona, na Madam alikuwa ametukataza kutoka uwanjani. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akigawa juisi.

"Rebeka yupi, mwanangu? Kambi ina Kakuma nne, anakaa ya ngapi? Bloku gani?"

Sikujua. Zaidi ya mwaka dawati moja, na sikuwahi kumuuliza. Mama akanionyesha hema la watoto waliopotea, penye kipaza sauti.

Nikapanga foleni nyuma ya mtoto aliyekuwa akilia huku anakula biskuti. Mtangazaji, kijana wa Kongo mwenye koti la kung'aa, akanitazama kuanzia viatu. "Na weye umepoteya?"

"Hapana. Mimi natafuta mtu."

Akatangaza, "Rebeka! Rebeka mwenye alisoma Lodwar, kuja hapa ku tenti ya batoto!" Lakini ngoma zilimeza yote isipokuwa jina. Wakaja akina Rebeka saba. Mmoja alikuwa Mturkana mwenye shanga hadi kidevuni, mwingine nywele zimesukwa nusu. Wa mwisho alikuwa bibi mzee na sufuria yake.

"Mimi pia Rebeka," akasema. "Mnagawa nini?"

Watu wakacheka. Rebeka wangu hakuwemo. Mtangazaji akafuta jasho. "Miye nimechoka na ba-Rebeka. Sema mwenyewe." Akanipa maiki.

Kwanza uwanja mzima ulisikia pumzi yangu. Kisha nikasema, "Rebeka. Ni Nakiru. Nisamehe ile siku ya soksi." Nikafikiri, nikaongeza, "Basi linaondoka saa tisa."

Kutoka upande wa kwaya nikamsikia Asekon, "Uuuwi! Nakiru anaongea!"

Saa nane na nusu Rebeka alikuja, mtungi wa maji wa lita ishirini kichwani, amekonda kidogo. Akautua, akanishika mabega.

"Ni wewe? Wewe kwa maiki? Mimi niko foleni ya bomba, nasikia kitu kinapumua kama mbuzi amefukuzwa. Nikasema, huyo ni Nakiru, hata kabla hujajitaja." Akacheka. "Na soksi? Zilitakata?"

 Nikasema, "Kiti chako nimekishikilia. Mwisho ni Jumatatu."

Akaacha kucheka. "Mama alipita Lokichoggio kurudi Sudan Kusini kumwona babu, mgonjwa. Alisema wiki mbili tu." Aliangalia barabara ya kaskazini, na nikaona kwamba yeye pia anamngoja mtu. "Shangazi ana watoto wake. Nikija shule, wadogo zangu watapikiwa na nani? Mwache mgeni akae. Lakini akae upande wangu. Wewe usihame."

Nikampa kibati. Akakifungua, akatoa bikari peke yake, akanirudishia vilivyobaki. "Hii nitawachorea wadogo maduara. Hivyo vingine utumie na mgeni."

Honi ikalia. Tulibeba mtungi pamoja, kila mmoja mkono mmoja, mpaka kwenye magoli. Toka dirishani nilipunga mkono, nikapunga hata tulipokuwa hatuoni tena uwanja. Asekon aliniona, akageukia mbele bila utani.

Lodwar tulifika jua linazama. Sikula.

Jumatatu mgeni alikuja, anaitwa Esta. Nikamwachia upande wa Rebeka na kibati nikakiweka katikati. Madam akauliza swali la hesabu, hakuna mkono ulioinuka. Nikamwona Esta akiandika jibu pembeni ya daftari na kulifunika kwa kiganja. Nikainua mkono.

"Madam, Esta anajua."

Mliniuliza pia nimejifunza nini Kakuma. Nimejifunza kwamba sauti yangu inafika hadi foleni ya bomba.

Baada ya somo Esta alipekua kibati. "Bikari iko wapi?"

"Iko Kakuma," nikamwambia.

Siku hizi maduara tunachora kwa kifuniko cha soda. Yanatoka madogo, yote sawa.